Posa ya Shangazi Zuhura

Juzi, kwenye harusi Riyadh, niliwaona wazee wa pande mbili wakikumbatiana, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kwetu Sharafiya, Jeddah. Bibi alikuwa akimenya iliki, chumba kizima kikinukia, huku akinisimulia kuwa Mtume alioa binti wa kabila lililoshindwa vitani, na Waislamu wakawaachia mateka wao, kwa kuwa sasa walikuwa wakweze.

Siku hizo baba na jirani yetu Ami Khatibu, aliyefiwa na mkewe, walikuwa hawasemezani kwa sababu ya tangi la maji. Nikaenda kumpigia hodi.

"Ami, tunakupa Shangazi Zuhura, ugomvi uishe."

Alicheka mpaka akakohoa, akanishika mkono kunirudisha nyumbani. Baba alipousikia ujumbe wangu naye alicheka, akamkaribisha kahawa. Nilijiona mpatanishi mkubwa. Nilikuwa sijajua kuwa bibi harusi huulizwa kwanza.

Shangazi alitoka jikoni, mikono imejaa unga. "Na mie mumeniuliza?"



"Basi nakuuliza," akasema Ami Khatibu kwa upole.

Shangazi alikataa papo hapo, na kahawa ikanywewa vilevile.