Nusu Kichwa

Kama kuna watu wanaojua kumkaribisha mgeni mpaka akome, ni wanawake wa ghorofa ya tatu. Msusi alihamia pale baada ya mumewe kupelekwa kwenye ghala jingine la kampuni, na hata masanduku hayajafunguliwa alikuwa ameshaandikwa kwenye zamu ya kufagia ngazi, safari ya kumtazama mgonjwa asiyemjua, na kikao cha Jumatano cha kupanga vikao vingine. Aliyemwandika ni jirani wa mlango wa kwanza, ambaye wote walimwita Mwenyekiti ingawa hakuna aliyempigia kura.

Msusi alikwenda kote, kwa woga tu. Walikuwa wameshamsimulia, kwa raha kabisa, habari za mpangaji aliyemtangulia, mwanamke aliyejifungia na mambo yake. Siku mtoto wake alipozidiwa na homa aligonga milango yote mitano na hakuna aliyefungua. "Si alikuwa hana haja na sisi?" alisema Mwenyekiti, akipuliza chai yake.

Na kule alikotoka nako walimkaba. Mama yake alibaki mtaa wa zamani, safari ya saa mbili, na kila simu ilianza vilevile: "Naona umeshakuwa mwenyeji huko." Wiki nne mfululizo Msusi aliahidi kwenda Jumapili, na wiki nne Mwenyekiti akaimeza hiyo Jumapili.

Jumapili ya tano haikuwa ya mchezo. Kesho yake mama angepasuliwa jicho, kisha alale chali majuma matatu bila kuguswa nywele. Zilikuwa nyingi, nyeupe, zinafika mabegani. Mama mwenyewe alikuwa msusi kabla macho hayajamtupa, na hakuruhusu mikono mingine kichwani pake ila ya bintiye aliyemfundisha. Alitaka mistari midogo ya kulalia, isiyomchoma kisogoni. "Saa nne nitakuwa hapo, mama," Msusi aliapa.

Saa moja na nusu asubuhi Mwenyekiti aligonga. Alikuja na binti yake mkubwa na furushi la nywele za bandia.

"Jioni anapigwa picha za kazi mpya," alisema, akiingia bila kukaribishwa. "Msuke zile nyembamba."

"Leo naenda kwa mama. Nilikwambia tangu Jumatano."

"Mama hakimbii. Sisi ndio tunaokaa na wewe hapa." Akavuta kiti, akamkalisha binti. "Au unataka tukuhesabu kama yule aliyekutangulia humu?"

Mwingine angemwonyesha mlango. Msusi akachukua kitana, akijidanganya kwamba mikono yake ina kasi. Msusi gani asiyejua kwamba nyembamba ni kazi ya kutwa? Binti alichezea simu, akitikisa kichwa kila alipocheka. Mwenyekiti alijikalia kitandani akitafuta makosa. "Huo mstari umepinda. Kumbe ndiyo maana wa kwenu hawakuulizii."

Saa tano upande wa kushoto uliisha. Wa kulia ulikuwa umesimama vilevile ulivyoamka. Simu ya Msusi ilikuwa imelia mara tatu, kisha ikanyamaza, na ukimya huo ndio uliompandisha hasira. Akachomeka kitana katika nywele za binti, akachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama."

"Na huyu?"

"Apigwe picha upande huu," alisema Msusi, akionyesha wa kushoto. "Ule mwingine mtaupangia kikao."

Matusi yalimfuata ngazi zote, ngazi alizozifagia yeye mwenyewe. Alijua kwamba kuanzia leo milango mitano imefungwa, na njia nzima hakujuta hata kidogo.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, kichwa wazi. Msusi hakumtambua mara moja. Nywele zilikuwa sakafuni, zimekatwa kwa mkasi wa kushonea. Kichwani yalibaki mabaka, hapa ndefu, pale ngozi tupu, na damu kidogo juu ya sikio, kwa sababu aliyekata haoni vizuri.

"Nilingoja mpaka saa sita," alisema mama.

"Kaa nikusawazishe."

"Usiniguse." Lakini yeye akaikamata mikono ya bintiye, akavipapasa vidole, akavinusa. Vilikuwa na mafuta mabichi. "Umetoka kusuka."

"Ndiyo, mama."

"Ukammaliza?"

Msusi alitazama chini. Hilo ndilo la kwanza alilofundishwa na mama huyuhuyu, akiwa na miaka tisa, amesimama juu ya kigoda nyuma ya mteja: kichwa ulichokianza hukiachi, hata nyumba ikiungua.

"Nimemwacha nusu."

Mama aliiachia ile mikono, akajifuta viganja kwenye gauni.

"Ungemmaliza," alisema. "Angalau mmoja wetu leo angekuwa amesukwa."