Karibu Mava

Leo nimewakaribisha watu makaburini.

Bi Mwanaidi amefungua duka la maua hapa Raskazone, na bango nimemtengenezea mimi. Aliomba herufi za mviringo. Nikamwambia, "Mama, hizo za kizamani," nikamwekea za pembe kali, kama zimekatwa kwenye bati. Tahajia nilikagua mara tatu: KARIBU MAUA.

Ila U ya herufi hizo imechongoka chini.

Mzee aliyekuja kusoma dua ya ufunguzi akasimama mlangoni, akasoma kwa sauti: "Karibu mava."

Na huku kwetu Tanga, mava ndiko tunakozikana.

Nami bado nikabisha! "Shikamoo mzee, hiyo ni U."

"Marahaba. Mava tutakwenda sote, mwanangu, ila hatungoji kukaribishwa."

Wageni wakacheka. Bi Mwanaidi hakucheka. Alitoa leso aliyojitanda mabegani, akalifunika bango, ndipo dua ikasomwa.

Bango jipya liko tayari. Nikilipeleka nianze na neno gani, jamani? Maana kwenye daftari langu, chini ya tarehe ya leo, nimeweza kuandika mstari mmoja tu: aliomba mviringo.