Povu la kijani lililotuulia ng'ombe na ndama wa jirani yangu

Wakuu, salaam. Sina chumvi ya kuongeza hapa, ukweli wenyewe una uchungu wa kutosha. Anayetafuta kucheka apitie nyuzi nyingine.

Mimi ni wa Singida, kilichonileta Karatu ni vibarua vya kahawa. Naishi kijiji cha Qurus na mke wangu na binti yetu Neema.

Kikundi chetu cha ufugaji kina utaratibu: unapewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, akizaa, ndama jike wa kwanza anakwenda kwa anayefuata. Mtamba nilipewa mimi. Anayefuata ni jirani yangu Mama Tluway, mjane, hana hata mbuzi.

Aisee, yule mama alimkatia majani kuliko mimi mwenyewe. Mimba ilishakua, akimpapasa tumbo anasema, "Mjukuu anacheza." Tukamtania kwamba ndama atazaliwa anaongea Kiiraqw, lugha yake.

Mvua zilipokolea, lusini ikastawi, yale majani laini tunayopanda kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Asubuhi moja Mama Tluway akamletea ng'ombe mzigo mkubwa wa lusini, bado unadondosha umande. Ng'ombe akala kwa fujo.

Haikuchukua muda, ubavu wa kushoto ukaanza kupanda. Ukigonga unalia kama ngoma.

Nikampigia daktari wa mifugo, yuko mbali. Nikamkimbilia rafiki yangu Saning'o, mlinzi wa shambani kwetu, mtu wa Piyaya kwa wafugaji, amezaliwa kwenye ng'ombe.

"Kaka, hii ni hewa," akasema. "Kwetu tunatoboa hapa, inatoka yote, anasimama."

Akatoboa ubavu kwa kisu.

Wakuu, hewa haikutoka. Lilitoka povu zito la kijani, likachungulia tunduni kama uji uliopoa, likakwama hapo hapo. Akikandamiza tumbo linatoka kidogo, akiacha linasimama tena. Nikajua tumekwisha.

Ng'ombe akapiga magoti, akalala, akafa na mtoto wake tumboni.

Daktari alipofika akachota lile povu kiganjani, akainamisha mkono. Halikudondoka. Akasema ng'ombe wa nyasi kavu hujaa hewa huru, ukitoboa inapita. Lusini mbichi inatoa ute, hewa inafungwa kwenye vipovu vidogo vidogo, na vile vipande vya majani vinalishika povu linakuwa gumu. Halitiririki mpaka lisukumwe kwa nguvu sana. Kwanza unalivunja, kwa kumnywesha mafuta ya kula.

Mafuta ya alizeti, wakuu. Mtu wa Singida mimi, kwetu ndiyo alizeti, dumu zima liko jikoni. Nikakaa chini kwenye matope.

Akauliza, "Nani alimpa lusini yenye umande?"

"Ni mimi, daktari," Mama Tluway akajibu. Akaenda kwake.

Somo ndilo hilo: lusini ianikwe inyauke kwanza, na ng'ombe akivimba baada ya majani mabichi, wahini kumnywesha mafuta ya kula huku mnamtafuta daktari. Kisu peke yake hakitoshi.

Ila hilo silo linaloninyima raha. Jana nimeona Mama Tluway anabomoa kibanda alichomjengea ndama. Akabeba miti yote, akaniletea mlangoni.

"Chukua, Baba Neema. Kikundi wakikupa mwingine utaihitaji. Mimi wasiniandike tena, nitamuua na huyo."

Ile miti bado iko mlangoni. Mke wangu analia tu. Mwenye neno la kumwambia mama kama huyu aliandike hapa, mimi sina.