Picha ya Mama Kwenye Ghala la Pamba

Kwenye maonyesho yetu ya kwanza hapa Bariadi, watu walikuja na kuni. Vijana wanaochora siku hizi huniuliza tulianzaje, wakitegemea niwape hadithi ya kuwatia moyo, nami huwajibu kwamba tulianza na msiba. Wanacheka. Mimi sicheki.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa naandika mabango Somanda: saluni, duka la dawa za mifugo, mama lishe. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeletwa huku kikazi kutoka Bukoba, na kila alichochora kilikuwa ziwa, kwa sababu alilikosa. Wa tatu alikuwa fundi wa kuchomelea, anaunga sanamu za ng'ombe kwa vyuma vya plau zilizochakaa na minyororo ya baiskeli. Mji huu umejaa watu wanaomjua ng'ombe mzuri angali mbali, lakini hakuna aliyewahi kutuuliza picha nzuri ikoje. Tukaamua tuwaonyeshe kabla hawajauliza.

Tulipewa ghala la pamba lililokuwa wazi, msimu ukiwa bado. Tulifagia mpaka tukakohoa, na bado nyuzi za pamba ziling'ang'ania kwenye kuta. Wenzangu waliwaza mji mzima. Mimi, niseme ukweli, nilimwaza mtu mmoja tu, baba yangu, aliyekuwa kijijini Kimali na ng'ombe wake.

Baba hakuwahi kuipenda kazi yangu. Alitaka niwe muuguzi. Kila nikienda kumsalimia aliniuliza, "Hiyo rangi inakamuliwa?" Na kweli, haikamuliwi.

Lakini sikutaka aje anisifu. Nilitaka anijibu jambo moja. Mama alifariki nikiwa mdogo, mvua zikiwa zimeshika kweli kweli, mto umejaa hata watu wa kwao wakashindwa kuvuka. Alizikwa na majirani wachache waliosimama kwenye tope. Alikuwa amepigwa picha moja tu maisha yake yote, siku ya mnada Mwandoya, mbele ya pazia la mpiga picha lililochorwa maua mekundu. Mchwa waliila ndani ya sanduku pamoja na khanga zake. Nilipokua nikagundua kwamba lile pazia nalikumbuka vizuri, ua kwa ua, lakini uso wa mama unanikwepa. Nilikumbuka mikono yake inavyotikisa kibuyu cha maziwa. Nilikumbuka shingo yake kwa nyuma. Uso, hapana.

Basi nikamchora hivyo hivyo. Paji la uso nililitoa kwenye kioo, langu mwenyewe. Kidevu nilikiazima kwa mama mdogo. Macho nilifuta na kurudia hadi turubai likawa zito kwa rangi. Nyuma yake nikaweka maua ya Mwandoya. Nilipomaliza nilimwangalia na nikampenda, na hapo hapo nikaogopa, kwa sababu sikujua kama ni mama au ni mwanamke niliyejitungia. Niliyemwamini kunijibu alikuwa baba peke yake, na macho yake yalikuwa yanaanza kufifia. Nikampigia simu, nikamwambia njoo uone kazi yangu. Habari ya picha ya mama sikuitaja.

Siku yenyewe mwalimu ndiye aliyepanga ghala. Ana mkono wa kupamba, sikatai. Alisema picha ya mama ndiyo kubwa kuliko zote, ikae mlangoni, juu ya meza. Akaitandikia kitambaa cheupe, akaizungushia utepe, akaweka maua ya plastiki kushoto na kulia. Viti na hema tulikodi kwa mzee anayekodisha kwenye shughuli zote za mjini, na vijana wake wakavipanga kama walivyozoea, safu za wanaume nje chini ya hema, mikeka ya wanawake ndani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Tulikuwa tunatazama sanaa.

Bodaboda waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo, mmoja baada ya mwingine. Haikuchukua muda wakaingia wanawake wamejifunga khanga, mmoja na kuni kichwani, mwingine na unga kwenye beseni.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma yule wa kuni, akiniita mama, kwa sauti ya chini. "Poleni sana. Tumepata habari njiani."

Nilifungua mdomo nimweleze. Akawa ameshaketi mkekani.

Wakaongezeka. Wanaume walivua kofia, wakakaa chini ya hema, wakaanza kuzungumzia mvua. Picha za ziwa walizitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama kalenda kwenye nyumba ya wafiwa. Ng'ombe wa vyuma walimpapasa pembe na kunong'ona kwamba marehemu bila shaka alikuwa na mali. Fundi akatoka nje kucheka. Mwalimu alishika kichwa. "Tumejiaibisha," aliniambia. "Mwezi mzima wa kazi, na watu wanatupa pole!" Akatoa karatasi ya hotuba yake mfukoni, akaanza kukwaruza maneno mapya ya kuwatangazia kwamba hapa hakuna aliyekufa. Mimi sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Ndipo baba akafika. Alishuka kwenye bodaboda na fimbo yake, akajipangusa vumbi, akaona hema, akaona watu. Niliona hatua zake zikibadilika, akaanza kutembea kama mtu anayeingia msibani. Nilitaka kumkimbilia nimwambie baba subiri, si hivyo, lakini wanaume walikuwa wameshasimama kumpisha.

Mlangoni alisimama mbele ya ile meza. Akaegemeza fimbo, akainama hadi pua ikakaribia kugusa rangi. Akakaa hivyo. Mimi nilikuwa nyuma yake, namtazama kisogo tu, na nilikuwa nimejiandaa kwa neno moja: si yeye. Nilijua nikilisikia sitashika tena brashi, na kibaya zaidi, nitakuwa nimempoteza mama mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu.

Yule mwanamke wa kuni alimwona mzee amesimama muda mrefu. Akamuuliza kwa upole, kama inavyoulizwa, "Baba, marehemu ni nani wako?"

"Ni mke wangu," alisema baba.

Hakugeuka kuniangalia wala hakuuliza ni nani kachora. Alivuta kiti, akakaa karibu na meza, akavua kofia akaiweka gotini, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona baba akilia. Siku ya kumzika mama alikuwa na ng'ombe wa kuchinja na kaburi lililokuwa linajaa maji, hakupata nafasi. Nilipiga magoti pembeni yake, nikalia na mimi bila kujificha.

Mwalimu akawa amesogea mbele na karatasi yake. Alikohoa kidogo. "Ndugu zangu," alianza, "samahani sana, kuna jambo halijaeleweka hapa."

Baba akanyanyua mkono kumzuia, lakini maneno aliniambia mimi.

"Waache wakae, mayu. Mama yako hakupata watu."

Mwalimu alituangalia, akaikunja karatasi, akaketi mkekani pamoja na wengine. Fundi aliacha kucheka. Akazichukua zile kuni, akawasha moto nyuma ya ghala, tukawapikia watu chai.