Jicho la Nyar Alego

Nilipokuwa msichana mdogo huko Seme, samaki hakuliwa mlangoni. Tulikuwa Wakristo wa kupigiwa mfano, kanisani kila Jumapili na sala kabla ya kila mlo, lakini Dani, bibi yangu, akishasema amina aliinuka kwanza akafunga mlango. Aliogopa sihoho, jicho la mtu ambalo likitua kwenye chakula chako, chakula hicho hukugeukia tumboni. Ulinzi wa Mungu aliutaka, na wa komeo pia.

Jicho lenyewe lilikuwa na mwenyewe. Jirani yetu tulimwita Nyar Alego, yaani binti wa Alego, kwa kuwa aliolewa kutoka huko. Alikuwa mama mcheshi, na ndiye aliyenisuka nywele kila shule zilipokaribia kufunguliwa. Sikuwahi kumwona akimdhuru mtu, wala sikumjua aliyewahi kuona. Nilichoona ni kwamba akipita, sahani zilifunikwa, na walewale waliozifunika walimpigia makofi kanisani alipotoa ushuhuda.

Mchana mmoja nilirudi kutoka shule na njaa yangu, nikaketi mlangoni na kipande cha ngege wa kukaanga. Nyar Alego akapita na karai kichwani.

"Adhiambo, hiyo samaki imenona!" akasema, akacheka, akaenda zake.

Kabla jua halijatua tumbo lilikuwa limenikunja. Dani hakuuliza nilikula nini.

"Nani amekuona ukikula?"

Nilimtaja. Kwa maumivu yale ningemtaja hata mchungaji.

Akaitwa mama mmoja mtaalamu wa kutoa sihoho. Alinikanda tumbo, akanichanja kidogo kwa wembe, akafyonza, kisha akatema vipande vya samaki kwenye beseni. Dani alimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilivitazama vile vipande kwa shaka, maana ngege wangu alikuwa wa kukaanga na hivi vilikuwa vibichi. Tumbo likaendelea kuuma vilevile.

Mama yangu mzazi alikuwa muuguzi. Aliporudi kutoka zamu alinibonyeza upande wa kulia, chini, nami nikapiga kelele. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni kidole tumbo. Mnacheza na mtoto wangu?"

Nilikimbizwa Kisumu nikapasuliwa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu kingepasuka. Nikiwa pale kitandani nilifurahi, kwa sababu niliamini jina la Nyar Alego limesafishwa. Mama, aliyejua dawa, alikuwa amesema ni kidole tumbo, na nani angembishia Mama?

Nyar Alego alikuja kuniona na chupa ya uji wa wimbi. "Pole mama yangu," aliniambia, akinishika kidole gumba cha mguu. Mama alimshukuru, wakashikana mikono, wakaomba pamoja, wote wawili wamefumba macho. Alipotoka tu, Mama akabeba ile chupa hadi kwenye sinki la wodi akamwaga uji wote.

"Mama, si ulisema ni kidole tumbo?"

"Ni kidole tumbo," alisema bila kunitazama. "Lakini kwa nini wewe? Kwa nini siku hiyo?"

Tukageuka, tukaona mtu amesimama mlangoni. Nyar Alego alikuwa amesahau leso yake, akairudia. Alitazama sinki, akatazama sare nyeupe ya Mama.

"Hata wewe, Sista?"

Mama aligeukia bomba. Aliisuuza chupa, akaifunga vizuri, akamrudishia.

Habari ilifika kijijini kabla yangu. Hadi siku ile, waliokuwa wakimfunikia sahani walikuwa watu ambao Mama aliweza kuwacheka. Sasa walimtaja yeye kama ushahidi: kama muuguzi mwenyewe amemwaga, nani atakunywa? Na kwa kuwa kwetu husemwa kwamba sihoho mama humwachia binti, mzigo ulimwangukia Akoth, mtoto wa Nyar Alego, niliyekuwa nikienda naye mtoni. Alipofika umri wa kuolewa, wachumba walikuja, wakauliza mama yake ni nani, wakarudi walikotoka. Mwishowe aliolewa mbali, na watu ambao hawakuuliza.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia Mama. Niliposomea utabibu nilijiambia nitakuwa mtu wa upande mmoja, nisiwe kama yeye, mwenye sare mwilini na Dani rohoni. Nilivaa koti langu jeupe kwa majivuno makubwa.

Mwaka huu Akoth alimleta mwanawe hospitalini ninakofanya kazi. Mtoto alikuwa na homa, tukampima damu. Nilikuwa ofisini na chai na chapati, mlango ukafunguliwa, akaingia kuuliza majibu. Aliniona ninatafuna. Papo hapo akageukia ukuta, haraka kama mtu aliyezoea, akaanza kuzungumza nami akiwa amenipa mgongo.

"Akoth, geuka. Ni mimi, Adhiambo."

"Najua ni wewe. Kula kwanza, daktari."

Nalijua tumbo la mtu nje ndani. Nimeliona likiwa wazi, nimeonyeshwa kila kilichomo, na jicho la jirani halimo. Nilipaswa kuinuka, nimshike bega, nimgeuze, nimkatie nusu ya chapati. Nilichohisi ni nafuu. Naona aibu kuliandika neno hilo, lakini ndilo. Nikatafuna haraka, nikameza, yeye akisubiri ameuelekea ukuta, na sikumwambia ageuke mara ya pili.