Wageni wa Mji wa Mafuta na Mlima Wetu wa Magunzi

Nani ako na magunzi ya mahindi hapa Kitale? Niko saiba, na dakika zangu za intaneti zinaisha, nijibuni haraka.

Leo tulipokea wageni kutoka mji wa ng'ambo unaochimba mafuta. Miji kama hiyo iko na umoja wake, na sasa wanatafuta marafiki mpaka huku kwetu.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya mapokezi hakutaka aibu. Jana alileta trekta, akaamuru ule mlima wa magunzi kando ya mashine ya kupukuchua mahindi uondolewe wote.

"Watu wa mafuta wasione takataka!"

Tukafagia. Hata maua tuliazima.

Basi kiongozi wa wageni, mama mmoja mpole, akanywa chai, kisha akauliza:

"Na ule mlima wa magunzi tuliouona kwenye picha? Mafuta yetu yataisha siku moja. Tumekuja kuona vile nyinyi mnapikia moto wa magunzi."



Mwenyekiti akaangalia maua. Maua hayakumsaidia.

Si akanituma mimi nitafute magunzi! Nikauliza dereva wa trekta, akasema alimwaga nyuma ya soko, akina mama wakabeba yote. Nikaenda kwa jirani yangu, Mama Nekesa, nikamwomba arudishe hata kidogo.

Akafunua sufuria. Maharagwe, yameiva laini kabisa.

"Magunzi yenu ndiyo haya, mwanangu. Leta sahani."

Nimewapelekea. Wamekula, wamesifu.

Sasa wanataka kuona kilichoyaivisha, na kesho asubuhi wanaondoka.

Gunia moja tu, bana.