Jumba Langu la Nyua Tatu

Jamani, mwenzenu nina bahati! Ile hospitali ya vichaa kaijenga Mjerumani, kaifunga Mwingereza, leo ni jumba langu. Nyua tatu!

Nikamleta mama mkwe mtarajiwa kutoka Mwera alikague kabla ya kunipa binti.

"Shikamoo mama, karibu kwako."

Akazunguka. Madirisha yako juu karibu na dari, na uani huoni ila mbingu. Aliyelichora ndiye kichaa! Mgonjwa hata barabara asiione?

Mama akasimama mlangoni.

"Mwanangu, mbona makomeo yote yako nje?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Binti yangu hafungiwi."

Akajitanda kanga, huyo!

Nimkimbilie nimwambie kweli? Kweli yenyewe hii: jumba si langu. Nimeajiriwa kulifagia.